Playford wa 1651 juu ya meza ya baa: mapitio ya kitabu cha mahadhi ya kale

Kitabu ninachokipitia hapa kilichapishwa London mwaka 1651 na kuuzwa katika duka lililokuwa karibu na mlango wa kanisa la Temple. Mwenye duka hilo, John Playford, alikipa jina la The English Dancing Master. Nimekitumia kwa majira mawili ya baridi katika kikao cha kupiga muziki pamoja ambacho hufanyika mara moja kwa mwezi kwenye chumba cha nyuma cha baa moja ya kaskazini mwa Uingereza, ninakoishi. Kikao chenyewe hakina kiongozi, hakina mazoezi wala kiingilio: mtu huja na ala yake, huagiza kinywaji chake, huketi, na akiyajua mahadhi yanayopigwa huingia. Usiku wa kawaida huwa tuko kati ya watu wanane na kumi na watatu, na ala zetu ni fidla tatu au nne, filimbi za mbao za aina ya rekoda, akodiani ya vifungo, gita mbili, na mzee mmoja wa dafu, ile ngoma bapa ya kushikwa mkononi, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna wimbo usiohitaji dafu.

Mimi fidla nilijifunzia Unguja, katika taarabu, na nimekisoma kitabu hiki kwa sikio hilohilo. Kwa hiyo sikukipima kama mwanahistoria wala kama mcheza dansi. Nilikiuliza jambo moja tu: mtu mmoja akishayapiga mahadhi mara ya kwanza, ni wangapi mezani wataweza kuingia mara ya pili, na ni wangapi watakuwa wameingia mara ya tatu? Mahadhi mazuri yasiyoingilika yana mahali pake, lakini mahali hapo ni jukwaani, mbele ya watu waliokaa kimya, na si katika chumba ambacho mhudumu anapita na sahani za viazi vya kukaanga katikati ya kipande cha pili.

Watu wengi wakiambiwa wachague nyimbo zinazojulikana kwa ajili ya kikao cha namna hii, huanza kutafuta majina yaliyovuma. Nami nilianza hivyo, na jina la kwanza kwenye orodha yangu likawa Greensleeves, kwa sababu sikuwa nimekutana na mtu Uingereza asiyelijua. Wimbo huo uliandikishwa London mwaka 1580, Shakespeare anautaja katika mchezo wake wa The Merry Wives of Windsor, na tangu mwaka 1865 mahadhi yake yamepata pia maneno ya Krismasi yanayoimbwa makanisani. (Ile hadithi kwamba uliandikwa na Mfalme Henry VIII haina mguu wa kusimamia, maana mfalme huyo alifariki mwaka 1547, na mtindo wa muziki wenyewe uliotoka Italia unaonyesha umri mdogo kuliko huo.) Nilitegemea kwamba meza nzima ingeingia kwa pamoja, na kweli iliingia. Tatizo lilikuja kwenye noti ya tano ya mstari wa kwanza. Tulikuwa tumekubaliana kuanza kwenye A, na hapo nusu yetu tulipiga F ya kawaida huku nusu ya pili wakipiga F iliyopandishwa nusu sauti, na hakuna aliyekosea, kwa sababu wimbo huo umeshuka kwetu kwa njia zote mbili. Kila mmoja aliipiga noti yake kwa uhakika wa mtu aliyeujua wimbo tangu utotoni, na kwa uhakika huohuo akairudia mara ya pili, akidhani ni mwenzake atakayejirekebisha. Gita nazo zilikuwa zimegawanyika vilevile. Tuliumaliza wimbo tukicheka, lakini haikuwa kicheko cha furaha tupu.

Tangu usiku ule nimeona kwamba kuna kujulikana kwa aina mbili. Yapo mahadhi ambayo mtu anayajua kwa jina na historia, na hayo huja kila mtu na toleo lake. Yapo mengine ambayo mtu hajawahi kuyasikia, lakini sikio lake linaijua njia yake: likisikia sentensi ya kwanza linajua ya pili itajibu vipi, na likifika nusu linajua mwisho utatua wapi. Kwa kikao, aina hii ya pili ina thamani kubwa zaidi, na hapo ndipo kitabu cha Playford kinapowashinda wenzake wote niliowajaribu.

Toleo la kwanza lina dansi 105. Ni kitabu kidogo chenye umbo la mstatili uliolala, na kila ukurasa umepangwa kwa namna moja: jina la dansi juu, kisha mahadhi katika mstari mmoja tu wa noti, kisha chini yake maelezo ya hatua, ambamo wanaume huonyeshwa kwa alama ya mwezi mwandamo na wanawake kwa duara. Kilitoka miaka miwili tu baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa, wakati majumba ya michezo ya kuigiza ya London yalikuwa yamefungwa kwa amri ya Bunge tangu mwaka 1642, na ni jambo la kufurahisha kwamba katika mji uliokuwa na serikali kali kiasi hicho palikuwa na wanunuzi wa kutosha wa kitabu cha dansi hata kikachapishwa tena na tena. Henry, mwana wa Playford, alikiendeleza baada ya baba yake, na hadi miaka ya 1720 kilikuwa bado kinatolewa upya, kila mara kikiwa na dansi nyingine zilizoongezwa na baadhi ya za zamani zilizoachwa. Jambo hili lina maana kwa mnunuzi wa leo, kwa sababu watu husema "Playford" kana kwamba ni kitabu kimoja, ilhali Black Nag, ambayo pengine ndiyo inayopigwa kuliko zote, haimo katika toleo la 1651, na Greensleeves nayo iliingia baadaye sana. Anayenunua nakala ya toleo la kwanza kwa ajili ya hizo mbili ataambulia patupu.

Kile kinachoonekana kuwa upungufu wa kitabu hiki, yaani ule mstari mmoja wa noti usio na sauti ya pili, usio na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja kuyasindikiza mahadhi), na usio na neno lolote kuhusu ala zipi zitumike, ndicho kilichonifanya nikipende. Kikao hakijui nani atakuja. Muziki ulioandikwa kwa sauti nne unadai watu wanne mahususi, lakini mstari mmoja hauhitaji zaidi ya mtu mmoja anayeujua, na wote wanaomfuata wanapiga mstari uleule, kila mmoja akiupamba kwa kadiri ya ala yake na uwezo wake. Aliyekulia kwenye taarabu hana haja ya kuelezwa hili. Bashrafu inapofungua onyesho, fidla, kanuni, udi na akodiani hupita njia moja, huyu akiteleza, yule akitetemesha, mwingine akiacha noti moja na kuirudia pembeni, na utamu unatoka kwenye tofauti hizo ndogo ndani ya mahadhi yaleyale. Niliposikia kwa mara ya kwanza watu wa kaskazini mwa Uingereza wakifanya hivyo kwa mahadhi ya karne ya kumi na saba, sikujiona mgeni hata kidogo, isipokuwa kwa upande wa midundo, ambayo kwao ni minyoofu mno kwa mkono wangu.

Nitataja mahadhi machache ambayo yamefaulu kwetu, bila kujidai kwamba yatafaulu kila mahali. Rufty Tufty ni ya meja, ngazi ya noti yenye sauti ya uchangamfu, ina sentensi fupi fupi zinazojibizana, na mgeni huingia kabla mara ya kwanza haijaisha. Gathering Peascods, ambalo maana yake ni kuchuma maganda ya njegere, lina kipande cha mwisho ambapo wachezaji dansi huenda katikati ya duara na kupiga makofi, kwanza wanaume, kisha wanawake. Hata pasipo wachezaji, nafasi ya makofi hayo inasikika ndani ya mahadhi, na mzee wetu wa dafu ameifanya kuwa mali yake binafsi. Nonesuch ni ya namna nyingine: mahadhi yake yako katika modi (mpangilio wa noti) ya zamani ambayo, ukianzia D, hupanda hadi D ya juu bila shapu wala flati yoyote, yaani bila noti iliyopandishwa wala iliyoshushwa nusu sauti, na yana huzuni isiyolemea. Hayo nilidhani yangekuwa magumu kwa wale waliolelewa na redio, lakini yamegeuka kuwa ndiyo yanayoombwa mara nyingi zaidi, na nadhani sababu ni kwamba kipande cha kwanza kinashuka ngazi moja baada ya nyingine, hivyo kidole hakilazimiki kuruka.

Parson's Farewell, yaani kuaga kwa kasisi, inastahili maneno zaidi, kwa sababu imenifundisha jinsi mahadhi yanavyoweza kuwa maarufu kwa watu wasiojua kwamba wanajua kitu kimoja. Usiku mmoja alikuja mgeni kutoka Ujerumani aliyekuwa akipita mjini kwa kazi, akiwa na rekoda kwenye mfuko wa koti. Alikaa kimya kwa nusu saa, kwa adabu. Tulipoanza Parson's Farewell alinyanyua rekoda na kuipiga yote tangu mwanzo, kwa kasi kuliko sisi, akiwa na mapambo ambayo hatujawahi kuyasikia. Alituambia baadaye kwamba hajawahi kulisikia jina hilo. Yeye aliijua kama Bourrée, aliyoipiga akiwa shuleni kutoka katika Terpsichore ya mtunzi Michael Praetorius. Mkusanyiko huo ulichapishwa Wolfenbüttel mwaka 1612, una dansi zaidi ya 300, na mengi ya mahadhi yake yalitokana na walimu wa dansi wa Kifaransa. Kwa hiyo mahadhi ambayo Waingereza wa meza yetu wanayaona kuwa yao kabisa yalikuwa tayari yamepita Ujerumani miaka 39 kabla Playford hajayachapisha, na pengine yalitoka Ufaransa. Kwa mtu anayepanga orodha ya kikao, mahadhi yenye milango mingi namna hii ndiyo ya kuwekwa mwanzo wa usiku, wakati bado hujui nani ameingia na ametoka wapi.

Kasoro za kitabu zipo, na mnunuzi anafaa kuzijua. Toleo la 1651 lina makosa mengi ya chapa. Halina mistari ya kugawa vipimo (mafungu sawa ya mapigo) kama tuliyoizoea leo, na mahali pengine noti hazijumliki kufikia urefu unaotakiwa na dansi, hivyo msomaji lazima aamue mwenyewe kama noti imerukwa au imepewa thamani isiyo yake. Anayetaka kupiga moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa huo wa kale akiwa na glasi pembeni atajuta. Matoleo ya kisasa yamesahihisha mengi na kuongeza kodi, na hayo ndiyo ninayomshauri anayeanza, ingawa ninasikitika kidogo kila nikiona mtu amebandika kodi nne katika kipimo kimoja juu ya mahadhi yanayotosheka na mbili. Gita zetu tumezikataza, kwa upole, kubadilisha kodi zaidi ya mara mbili kwa kila kipimo.

Suala la ufunguo, yaani noti ambayo mahadhi hujengwa juu yake, nalo si dogo. Mahadhi mengi ya kitabu hiki yako kwenye funguo zenye flati ambazo mwenye rekoda anaziweza, lakini akodiani ya vifungo ya D na G, ambayo ndiyo ya kawaida katika baa za Uingereza, haina noti hizo, na fidla nayo hupenda kuachia nyuzi zake za G na D zilie wazi. Tumehamisha karibu kila kitu kwenda D, G, au ile modi ya D niliyoitaja. Kabla ya kuhamisha, angalia noti ya chini kabisa, kwa sababu rekoda ndogo ya soprano inaishia C na haina pa kushuka. Na ukitembelewa na mtu wa muziki wa kale aliyenunua ala yake kwa fundi wa ala za kihistoria, muulize mapema imewekwa kwenye kiwango gani. Wengi wao hutumia kiwango ambacho A yake ni mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, tofauti ya nusu sauti nzima. Kijana mmoja alikuja kwetu na filimbi nzuri ajabu ya namna hiyo, akaweka vidole vya D, ikatoka C iliyopandishwa, na usiku wote akaishia kuwa msikilizaji. Hakurudi tena, na sisi wenyewe tulipaswa kumwambia kabla hajapanda basi.

Ili tathmini hii iwe ya haki, inanibidi niseme na washindani. Aliye karibu zaidi ni Thoinot Arbeau, ambaye jina lake halisi ni Jehan Tabourot, kasisi wa kanisa kuu la Langres nchini Ufaransa, aliyeligeuza jina lake kwa kuzipanga upya herufi zake. Kitabu chake, Orchésographie, kilitoka mwaka 1589, kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi, na noti zake zimesimamishwa wima pembeni ya ukurasa ili kila hatua ya dansi ikae mkabala na noti yake. Mahadhi ya dansi zake za branle ni mafupi na mepesi kuliko ya Playford, na kwa kikao cha wanaoanza kabisa ningemchukua yeye kwanza. Ile ya wanawake wafuao nguo, ambamo makofi huiga mlio wa vibao vya kufulia mtoni, hata mtoto huiweza. Nami ndimo nilimokutana na mshangao wangu mkubwa: tulipopiga Branle de l'Official kwa mara ya kwanza, mwanamke mmoja anayepiga gita, mzaliwa wa Kisumu, aliweka gita chini na kuanza kuimba "Gloria" ndefu ile inayoteremka, kwa sababu kwaya yake huiimba kila Desemba. Mahadhi hayo yalitiwa maneno ya Kiingereza ya Krismasi na George Ratcliffe Woodward mwaka 1924, yakasambaa pamoja na vitabu vya kwaya hadi kwetu Afrika Mashariki, na sidhani kuna mwanakwaya mmoja kati ya mia aliyewahi kuambiwa kwamba anaimba dansi ya Kifaransa. Kasoro ya Arbeau ni kwamba mafupi hayo huchosha. Baada ya mara tano mtu anataka yabadilike, kwa hiyo tunayaunganisha matatu matatu bila kusimama.

Tielman Susato wa Antwerp, aliyechapisha mkusanyiko wake wa dansi mwaka 1551, ni habari nyingine. Muziki wake ni wa sauti nne, umepangwa kwa ustadi, na La Mourisque yake imeingia katika masikio ya watu kupitia shule, maonyesho ya historia na filamu. Nilichapa nakala za sauti zote nne, nikazigawa mwezi Januari, na kilichofuata sikisahau. Mwenye sauti ya chini alikuwa na mafua, hakuja. Sauti ya tatu ilichukuliwa na mtu wa akodiani, ambaye noti mbili kati ya saba hakuwa nazo. Sauti ya pili walikuwa wawili, nao walipishana kwa kipimo kimoja tangu marudio ya kwanza, kila mmoja akimkodolea macho mwenzake. Mzee wa dafu alishikilia mapigo yake kama nahodha kwenye mawimbi, lakini mawimbi hayakumtii. Mwezi uliofuata tulitupa sauti tatu za chini, wote tukapiga mstari wa juu peke yake, na fidla moja ikashikilia G na D pamoja bila kubadilika kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikawa mojawapo ya nyimbo zetu bora. Kwa maneno mengine, Susato alifaulu mezani kwetu alipovuliwa mavazi yake na kubaki kama Playford, na sijui kama kulisema hilo ni kumsifu au kumtukana.

Mikusanyiko ya zama za kati niligusa kidogo. Saltarello za Italia za karne ya kumi na nne, zilizohifadhiwa katika mswada ulioko sasa Maktaba ya Uingereza, hutisha kwa urefu, lakini zina siri ya ujenzi inayosaidia: kila kipande kipya hurudi kwenye kituo kilekile, mara ya kwanza kikiachwa wazi na mara ya pili kikifungwa, na mgeni asiyeweza kufuata mwanzo anaweza kusubiri pale kwenye kituo kama anavyosubiri kiitikio. Nyimbo za Cantigas de Santa Maria, zaidi ya 400, zilizokusanywa katika baraza la Mfalme Alfonso X wa Castilla katika karne ya kumi na tatu, zina viitikio kamili vya kuimbwa, na picha za mswada wake zinaonyesha wapigaji wenye ala ambazo Mzanzibari anaweza kuzitambua bila msaada. Luti ya Ulaya ni mtoto wa udi, hata kwa jina, na nilipouleta udi wangu mezani kwa ajili ya nyimbo hizo, hakuna aliyeuliza umefuata nini.

Kuhusu muziki wa Ireland nitasema machache, kwa sababu una vikao vyake na adabu zake, na kikao cha baa kama tukijuavyo leo kilikua miongoni mwa wahamiaji wa Ireland walioishi London baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kitabu kinachotajwa zaidi ni cha Francis O'Neill, ambaye alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia mwaka 1901 hadi 1905, na ambaye mwaka 1903 alichapisha mkusanyiko wa mahadhi 1,850, kisha mwaka 1907 mwingine wa mahadhi 1,001 ya dansi. Ni hazina isiyo na shaka. Kwa anayetaka kuchagua nyimbo kumi za kuanzia, hata hivyo, ni kama kuambiwa uchague samaki ukiwa umetupwa baharini, na kasi inayotegemewa na wajuzi wa muziki huo huwaacha nyuma wale ambao Playford aliwachukua kwa upole. Tunapiga jigi mbili tatu mwishoni mwa usiku, wenye kuziweza wanaziweza, na wengine wanakwenda kuagiza.

Imebaki habari ya kukipata kitabu. Nakala za picha za matoleo ya kale ya Playford, Arbeau na Susato zinapatikana bure katika IMSLP, maktaba ya mtandaoni ya muziki usiobanwa na hakimiliki, iliyoanzishwa mwaka 2006. Mahadhi mengi yapo pia mtandaoni katika maandishi ya herufi yanayoitwa abc, yaliyobuniwa na Chris Walshaw, ambayo faida yake ni kwamba wimbo mzima unatosha katika ujumbe mmoja wa simu, na programu nyingi za bure huugeuza kuwa noti au sauti. Kabla sijajua hayo, nilinunua mtandaoni nakala ya karatasi kwa pauni 14 kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Ilifika ikiwa imepigwa picha kwa haraka, kurasa zimekatwa upande wa kulia, na katika dansi zisizopungua thelathini noti ya mwisho ya kila mstari haimo. Niliandika mara mbili kuomba fedha zangu, nikajibiwa kwamba hiyo ndiyo hali ya kitabu cha kale. Kitabu cha kale hakina hatia hiyo. Nimeziona kurasa zilezile mtandaoni, na noti zote zipo.

Kitabu chenyewe nakipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa sababu ya makosa ya chapa. Ninachokwenda nacho kikaoni siku hizi si kitabu bali kurasa kumi na mbili nilizozinakili kwa mkono, zikiwa katika jalada la plastiki, kodi zimeandikwa kwa penseli ili ziweze kufutwa gita zikigombana. Greensleeves imo, ukurasa wa mwisho, na juu ya ile noti ya tano nimeandika kwa wino mwekundu: F iliyopandishwa, wote.